Kuipima Spika ya Fundi Anayeanza

Spika ndogo isiyo na waya, iliyoundwa na kijana wa Kisii au Nyamira kwa ubao wa mkaratusi, betri zilizochomolewa katika kompyuta mbovu na vifaa vya umeme vya bei nafuu, aghalabu hupimwa kwa njia isiyo ya haki: mnunuzi huifungulia sauti mpaka mwisho, akavutwa na kishindo chake, akalipa. Kishindo si ithibati ya kazi njema. Mwenye kutaka kuijua kazi hii kwa insafu na aanze kuisikiliza ikiwa kimya.

Iunganishe na simu kwa Bluetooth, anzisha wimbo, kisha usimamishe wimbo bila kuizima spika, uweke sikio karibu. Ukisikia mlio mwembamba usiokoma, unaogeukageuka kila kipokezi cha Bluetooth kinapozungumza na simu, basi dhahiri kipokezi na amplifaya vinatumia betri moja, na uchafu wa umeme wa kimoja unapenya katika sauti ya kingine. Ila hii ndiyo iliyoenea zaidi katika kazi za wanaoanza, nami naihesabu kuwa kubwa kuliko upungufu wa nguvu, kwa kuwa hukaa chini ya kila wimbo na kila neno. Dawa yake ni kifaa kidogo cha kuutenga umeme wa kipokezi, au betri ya pili kwa ajili yake peke yake. Kijana aliyelitambua tatizo hilo na kulitibu amekwisha kujipambanua na wenzake.

Baada ya kimya, sauti ya mtu. Mtangazaji wa Egesa FM anapozungumza Ekegusii, kila silabi isikike kamili, isitoke kama iliyofungiwa ndani ya debe. Kisha uje mtihani mkubwa, na katika nchi ya Abagusii sijui kipimo bora kuliko obokano, kinubi kikubwa cha nyuzi nane chenye sauti nzito mno, yenye mvumo wa kukwaruza ambao ni sehemu ya uzuri wake. Faida ya mtihani huu imo katika ugumu wake, maana kasha baya nalo huvuma, na msikilizaji hana budi kuzipambanua sauti mbili. Mvumo wa obokano huzaliwa na uzi na hufifia pamoja nao. Mvumo wa kasha hutoka kwa sauti ile ile, uzi wowote upigwao. Kilaze kiganja chako juu ya ubao na uukandamize: mvumo ukikoma, ubao umelegea au kiungo hakikushika gundi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika vilima hivi, ambako mvua hainyimi mwezi karibu wowote, na ubao uliorandwa ukiwa mbichi hujikunja baadaye na kuviachanisha viungo. Kasha lililozibwa lote hujulikana kwa vidole viwili: isukume koni ya spika ndani taratibu, kisha uiachie. Ikirudi kwa kujivuta, hewa imezuilika. Ikiruka mara moja, pana upenyo. Ukiwa bado unaisukuma, tega sikio, kwani mkwaruzo wowote ni dalili ya koili inayogusa sumaku.

Nambari zisikughuri. Amplifaya ndogo ya PAM8403, ambayo wanafunzi wengi huanzia, hutajwa kuwa na wati 3 kila upande, lakini hiyo ni kwa volti 5 na spika ya omu 4. Kwa betri moja ya volti 3.7, nguvu hushuka hadi karibu nusu. Kijana akikueleza hivyo bila kuulizwa, umepata fundi mwaminifu.

Katika betri sina msamaha. Betri ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, haipaswi kupita volti 4.2 inapochajiwa, wala kunyonywa hadi ikauke, kwa hiyo ni lazima iwe na kibao cha chaji chenye ulinzi. Betri ya zamani iliyokutwa chini ya volti 2 haifufuliwi. Hutupwa mahali salama. Na waya uliolehemiwa moja kwa moja juu ya betri ni taksiri isiyovumilika, kwa maana joto lile huidhuru ndani, na madhara yake yaweza kuwa moto chumbani mwa mtu aliyelala.

Yote haya hayaonekani kwa nje, hata rangi iwe ya kupendeza namna gani. Basi uwe soko la Daraja Mbili au Keroka, mwombe fundi azilegeze parafujo za mgongo wa kasha, nawe utazame: malehemu yang'ae na kutandaa vizuri, yasiwe vidonge vilivyofifia, waya zifungwe zisigongegonge, betri ikae imara mahali pake. Akikubali kwa furaha, usimpunje bei. Akisita, mrudishie kasha lake, uende kwa mwingine.