Kutoka Matundu ya Ndege Hadi Msimbo wa Programu

Jamani, mkusanyo huu! Nimeupitia kwa mara ya kwanza kwenye skrini, maana karibu wote umepigwa picha, na hadi sasa moyo haujatulia. Ni wa Cooper Hewitt, makumbusho ya ubunifu na sanaa za mapambo ya New York, yenye vitu zaidi ya 200,000. Unaanza na karatasi za ukutani za Kifaransa, mara lesi, mara vifungo vya koti, mara tundu la ndege lenye umbo la jengo zima. Halafu ghafla unakutana na programu ya iPad.

Programu! Kwenye makumbusho yaliyoanzishwa mwaka 1897!

Waanzilishi ni dada wawili, Sarah na Eleanor Hewitt, wajukuu wa Peter Cooper, mwenye viwanda aliyejenga chuo cha Cooper Union ili watu wa kazi wasome bure. Babu alitamani chuo kiwe na makumbusho, wajukuu wakatimiza. Walivutiwa na makumbusho ya sanaa za mapambo ya Paris, wakataka ya kwao yawe karakana: fundi kijana aingie bila kulipa, aketi na kitambaa cha kale mbele yake, achore, anakili, akatumie kazini. Mwenye benki J. P. Morgan mwenyewe aliwanunulia vitambaa vya Ulaya mwaka 1902. Mwaka 1963 chuo kikayafunga, wapenzi wake wakayapigania, taasisi ya Smithsonian ikayapokea, na tangu 1976 yamo katika jumba alilojenga tajiri Andrew Carnegie.

Turudi kwenye programu, maana hapo ndipo niliporuka kitini. Inaitwa Planetary, nayo huugeuza muziki wako kuwa anga: mwanamuziki ni nyota, albamu ni sayari, wimbo ni mwezi. Mwaka 2013 watunzaji waliuchukua msimbo wenyewe, wakauchapa kwenye karatasi, kisha wakauachia umma uutumie na kuubadili upendavyo. Kijana wa zamani alinakili ua la hariri. Wa leo ananakili mistari ya msimbo. Akina Hewitt wangeshangilia!

Kule Boston, Isabella Stewart Gardner, mwanzilishi wa makumbusho yenye jina lake, aliacha wosia kwamba mpangilio wa vitu vyake usiguswe, na utii wa wanaoufuata nauheshimu. Lakini hawa dada waliacha kazi ya kuendelezwa, na anayewaenzi hana budi kuendelea kukusanya.

Na wanaendelea kweli! Wameiingiza hata emoji ya mtu aliyevaa hijabu, iliyopendekezwa na Rayouf Alhumedhi, binti wa Kisaudi aliyekuwa akiishi Berlin, na iliyoanza kuonekana kwenye simu mwaka 2017. Ile ile ambayo dada wa Lamu au Muscat anaweza kuituma asubuhi hii! Imehifadhiwa chini ya paa moja na lesi za karne zilizopita, na kwangu mimi hapo ndipo mahali pake hasa.

Na bado sijagusia ngazi! Wakusanyaji Eugene na Clare Thaw waliyapa makumbusho haya vielelezo vidogo vya ngazi za mbao, vingi kazi ya mafundi seremala wa Kifaransa waliotaka kuonyesha umahiri wao. Zinajipinda, zinapishana, zinapanda mara mbili kwa wakati mmoja. Tafuteni zile zenye mizunguko miwili, mkuze picha, mtazame viungio.