Jino, Neno na Nanga

Mwanafunzi asomapo shairi la kuchekesha juu ya mng'oa meno, huliona shavu la mgonjwa lililovimba, akacheka, akafunua ukurasa wa pili. Amecheka mapema mno. Kicheko kilicho bora kimefichwa katika maneno. Hebu tuitazame mistari hii miwili, niliyoitunga iwe mfano:

Fundi ameng'oa jino, kama baharia nanga,
Nami sina tena neno, kinywa changu nimefunga.

Msomaji wa Likoni hana haja ya kuelezwa habari za nanga, kwani kila avukapo kwenda kisiwani huziona meli ziingiazo na zitokazo Kilindini. Jino hung'olewa, na nanga hung'olewa. Lakini nanga ing'okapo safari ndiyo kwanza yaanza, na jino ling'okapo safari yake imekwisha.

"Sina neno" ni jawabu la adabu, maana yake silaumu. Kwa mgonjwa huyu ni kweli tupu pia: kinywa kilichotiwa ganzi hakitamki kitu. Sikio nalo lilitazamia "sina tena jino". Mchezo huu wa jino na neno umetumika sana, nami siuhesabu kuwa mkubwa.

Mkubwa ni "nimefunga". Kwanza, mtu huyu amenyamaza. Pili, amefunga kama wafungavyo watu katika Ramadhani, ila yeye hakungojea mwezi uandame. Pengo limemnyima chakula. Maana zote mbili ni za kweli kwa wakati mmoja, na ya pili ina uchungu. Mwenye njaa aifanyia mzaha njaa yake, asije akahurumiwa. Asiyelitambua hilo amesoma mzaha, hakumsoma mtu.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata 1840, alipenda sana kulichezea neno moja lenye maana nyingi. Diwani yake ilipigwa chapa 1940. Watu wa zama zake waliyapokea mashairi hayo kwa masikio. Basi nasi tusome kwa sauti, mara mbili.

Tena jaribu kuliondoa neno "fundi", useme "Tabibu kang'oa jino". Mizani ni nane vilevile, lakini kicheko kimepungua. Fundi ni mtu wa kutengeneza cherehani na saa, na huyu wetu ameng'oa tu.