Daftari la Mchanga na Miale

Kiangazi kinapokaza Kitui, mto wa msimu hubaki njia ya mchanga. Hata hivyo, ukifukua nyuma ya ukuta wa bwawa la mchanga, maji huchuruzika taratibu na kujikusanya chini ya shimo. Ukuta huo ulikamata mchanga ulioletwa na mafuriko, na maji yakajificha kati ya chembe zake, jua lisiyafikie. Anayetaka kujua kama yatadumu hadi mvua za Novemba hawezi kufukua mto mzima; sharti ayahesabu. Mwaka 2008 Rolf Hut na wenzake walichapisha utafiti, wenye mifano ya Kenya, kuhusu jinsi mabwawa hayo yanavyobadilisha viwango vya maji ya ardhini. Ufundi huo wa kuhesabu kisichoonekana unastahili heshima ileile apewayo mwashi wa ukuta, na ubora wake hujitokeza zaidi pale jembe lisipofika kabisa.

Mahali hapo ni angani. Mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000 akakuta mionzi ikizidi kadiri alivyopaa. Miale hiyo ya kosmiki kwa sehemu kubwa ni protoni zinazokimbia karibu sawa na mwanga, na inaaminika kwamba nyingi hupata kasi yake kwenye mawimbi ya nyota zilizolipuka. Lakini hazisafiri moja kwa moja. Sumaku iliyomo katika gesi huzipiga kumbo huku na huku, zikatangatanga katika galaksi kwa mamilioni ya miaka. Ndiyo maana mlinganyo wa kusambaa kwake ni ndugu wa ule wa maji mchangani: palipojaa hupunguka, palipopunguka hujaa. Tena miale hiyo huisukuma gesi inayoibeba, kwa hiyo viwili hivyo lazima vihesabiwe pamoja.

Fundi huigawa anga katika vyumba vidogo, kila kimoja na daftari lake: gesi kiasi gani, mwendo upi, nishati ya miale ngapi. Sheria ni moja: kinachotoka chumba hiki lazima kionekane kimeingia cha jirani. Ugumu uko kwenye saa. Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hatua ya muda haiwezi kuwa ndefu kupita kiasi ikilinganishwa na upana wa chumba. Kwa kusambaa, mbinu ya kawaida ni kali zaidi: ukipunguza upana wa chumba kwa nusu, hatua ya muda hushuka hadi robo, vyumba huwa mara 8, na kazi huwa mara 32. Pia, miale inapotiririka kufuata mteremko kutoka palipojaa, kuna mtego kileleni. Pale miale iliporundikana na mteremko ukaisha, programu haijui iitiririshe upande gani. Huigeuza huku na huku hadi mawimbi ya uongo yatokee. Njia ya kuuepuka mtego huo waliyoitoa Jiang na Oh mwaka 2018 ni kazi ya mikono hodari, ijapokuwa mikono hiyo haishiki mwiko.

Atasema mtu kwamba kompyuta hurudisha ulichoiwekea. Kwa sehemu ni kweli, na ndiyo maana programu hupimwa kwanza kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana kwa kalamu, kama bomba la mshtuko la Sod la mwaka 1978. Zaidi ya hapo, hesabu imewahi kumkatalia mwenye kuifanya: miale ikifungiwa ndani ya gesi bila kusambaa, huvimbisha galaksi bila kupuliza upepo wa gesi wa kueleweka; ikiachiwa isambae, upepo huanza kutoka.

Mwingine atauliza upepo wa galaksi utamjazia nani mtungi kule Mwingi, Kitui. Hautamjazia mtu. Lakini anayejua kulinda daftari la miale analijua la maji pia, na udhaifu wa yote mawili ni uleule: kasi ya kusambaa haizaliwi ndani ya kompyuta. Ya miale hukadiriwa kwa chembe zinazonaswa karibu na Dunia. Ya mchanga hupimwa kwa kuchimba. Fundi mwema hulijua hilo, na hesabu yake ikigombana na shimo, hulirudia daftari.