Safari ya Kilwa kwa Ndege Isiyoruka

Kila simuleta mpya ya ndege inapotangazwa, huonyeshwa New York usiku, milima ya Alps yenye theluji, na mawingu ya jioni yenye rangi ya machungwa. Mpenzi wa kweli wa michezo hii huyatazama matangazo hayo kwa adabu tu. Akishaupata mchezo wenyewe, safari yake ya kwanza ni kwenda kwao. Mtu wa Kilwa huandika herufi nne, HTKI, ambazo kwa marubani wa dunia nzima ndizo utambulisho wa kiwanja cha Kilwa Masoko, halafu hukaa akisubiri kioo kijae.

Kiwanja atakikuta. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilikuja na viwanja zaidi ya 37,000, na ardhi yake ilitokana na picha za Bing zilizopigwa kutoka juu. Hakuna kampuni inayoweza kuvijenga vyote kwa mkono, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imeachiwa kompyuta: inaisoma picha, inakisia kwamba hapa pana nyumba na pale pana mti, kisha inajenga na kupanda. Ndiyo maana unaweza kukuta kijiji cha pwani kimeezekwa vigae vya Ulaya, na shamba la mikorosho limegeuka msitu wa miti ambayo mtu wa Lindi hajawahi kuiona. Mpenzi wa mchezo hacheki. Anachukua kalamu na kuanza orodha yake.

Asiyecheza atadhani orodha hiyo ni ya urembo: maji yang'ae zaidi, mawingu yanenepe, kivuli cha bawa kionekane ardhini. Hayo yamo. Lakini kwa ninavyowaelewa watu hawa, ombi lao kubwa ni la ajabu kidogo: wanataka mchezo uwakatalie, na uwakatalie kwa sababu za kweli.

Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 235, karibu kusini moja kwa moja. Cessna 172, ndege ya injini moja ambayo wengi hujifunzia urubani, huenda kwa makadirio kilomita 200 kwa saa. Hewa ikitulia, safari ni dakika 70. Kusi ya Julai ikivuma usoni kwa kilomita 35 kwa saa, zinakuwa 85. Kaskazi ya Januari ikisukuma kwa nyuma kwa nguvu hiyo hiyo, zinashuka hadi 60. Mafuta ya dakika hizo 25 za tofauti lazima yahesabiwe kabla ya injini kuwashwa, na simuleta ambayo upepo wake ni wa kutikisa majani tu haimfundishi mtu kuhesabu. Hapa simuleta ya X-Plane imejipatia heshima ya miaka mingi, kwa kuwa huigawa ndege katika vipande vidogo na kukokotoa jinsi hewa inavyopiga kila kipande.

Kuna joto pia. Mchana wa Februari, nyuzi 32, hewa ya usawa wa bahari huwa nyepesi kiasi kwamba ndege hujihisi kama iko mita 600 juu. Injini inanguruma, mwisho wa njia ya kurukia unasogea, na magurudumu bado yako chini. Pwani hii ina ushahidi wa zamani wa jambo hilo. Mwaka 1915 Waingereza walipeleka ndege eneo la Mafia ili kuiwinda Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha ndani ya delta ya Rufiji. Ndege za mwanzo zilishindwa na hali ya hewa. Gundi iliyoshika mbao ililegea kwa joto, na kupanda juu kukawa taabu. Zilipoletwa ndege nyingine kazi ilifanyika: tarehe 11 Julai rubani Cull na mwenzake Arnold waliongoza mizinga ya meli za Kiingereza kutoka angani, na hata ndege yao ilipopigwa waliendelea kutuma masahihisho huku wakishuka kuelekea mtoni. Wapo wanaotaka kuirudia safari ile mezani. Wakipewa Rufiji yenye hewa ya Uingereza, watakuwa wamepewa mchezo mwingine kabisa.

Mwenye msimamo huzima vifaa vyote vya kumwonyesha alipo, akabaki na saa, dira na macho. Kushoto Mafia, chini msitu wa mikoko wa Rufiji, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, mbele, baharini, Songo Songo yenye mtambo wa gesi, kisha mdomo wa mto Matandu, Kilwa Kivinje, na rasi ya Masoko. Ng'ambo ya mlango wa bahari ni Kilwa Kisiwani. Magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, yako ukingoni mwa kisiwa, juu kidogo ya bahari. Kwa rubani wa aina hii hilo ni jiwe la kupimia njia, ndiyo sababu inamuudhi linapokuwa doa la kahawia.

Ila kinachomuudhi kuliko vyote ni maji. Wakati wa bamvua, bahari ya Kilwa hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Picha iliyopigwa kutoka juu hushika dakika moja tu: kipande hiki kilipigwa maji yamekupwa, cha jirani yake yamejaa, na kompyuta ikaviunga. Matokeo yake ni fungu la mchanga lililokatwa kama kwa rula, nusu liko kavu, nusu limezama. Ombi la maji yanayofuata mwezi linaweza kuonekana la kitoto mpaka ukumbuke Lindi. Kuanzia mwaka 1937, boti-ndege za Imperial Airways zenye injini nne zilizotoka Southampton kwenda Durban zilikuwa zikitua kwenye ghuba ya Lindi, baada ya Dar es Salaam na kabla ya Msumbiji. Njia hiyo hupendwa sana na wachezaji wanaofufua safari za kale. Kutua majini hutaka kujua kina, mkondo na mawimbi. Na maji yakilala kama kioo ni hatari zaidi, kwa sababu jicho haliwezi kupima umbali uliobaki. Rubani hushuka polepole kwa kiwango kile kile, pua imeinuka kidogo, akingoja kuguswa na maji. Mchezo unaochora bahari ya namna moja siku zote umeufuta ufundi huo wote.

Mapengo haya huzibwa na mafundi ambao hawalipwi. Fundi huyu huanza na picha kutoka juu, akalaza kingo za njia ya kurukia juu yake mpaka zilingane. Anatafuta mwinuko wa ardhi, kwa kuwa hakuna kiwanja kilicho tambarare kabisa, na rubani huuhisi mgongo ule magurudumu yanapogusa. Anauliza upepo hupimwa upande gani, uzio unaishia wapi, paa ni la bati au makuti. Minazi huiweka mmoja mmoja, kwa sababu ikipandwa na kompyuta husimama kwa mistari kama askari. Kazi ya majuma inaonekana kwa sekunde arobaini za kutua, kisha anaigawa bure.

Barabara nazo zina historia yake. Mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 uliwafundisha wanafunzi na wakazi kuchora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, nia ikiwa kukabili mafuriko. X-Plane na simuleta nyingine, FlightGear, huchota barabara kutoka ramani hiyo hiyo, hivyo aliyechora mtaa wa Tandale amemsaidia rubani asiyemjua. Kasoro ni kwamba ardhi haikai. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, kwenye vioo iliendelea kuwa nzima.

Na kuna ombi ambalo watengenezaji wa mbali hawalisikii vizuri. Toleo la Microsoft la 2024 huivuta dunia kupitia intaneti unaporuka, na linataka kasi isiyopungua megabiti 10 kwa sekunde. Kwa bando la kawaida, hiyo ni Kilwa ya ukungu. FlightGear, ya bure, hukuruhusu kupakua ardhi yako mapema na kuruka bila mtandao. Wachezaji wapewe hilo hilo katika toleo hilo la Microsoft: pwani kuanzia Dar hadi Mtwara, ipakuliwe mara moja, ikae kwenye diski. Halafu umeme ukikatika ndege ikiwa juu ya Kiswere, mchezo ukiwashwa tena ukumbuke ilikuwa wapi, ikielekea wapi, na ilibakiwa na mafuta kiasi gani.