Nani Acheke? Kisetla na Ucheshi wa Waingereza katika Kitale na Bungoma

Kisetla hutajwa katika maandishi ya wanaisimu kwa haraka na kwa namna moja. Husemwa kwamba ni pijini ya walowezi wa Kenya, isiyojali ngeli wala upatanisho wa kisarufi, kisha mjadala ukageukia mambo mengine. Hata Anthony Vitale, aliyekishughulikia kwa makini katika makala yake ya 1980, alikitazama hasa kama mfumo wa lugha na mazingira yake ya kijamii. Wahakiki wa fasihi nao wamekiacha kabisa, kana kwamba lugha mbovu haiwezi kuwa na utanzu. Makala haya yanashikilia kwamba Kisetla kilikuwa pia utanzu wa ucheshi, na kwamba mtu asiyeuelewa ucheshi huo atashindwa kueleza kwa nini hadi leo wasemaji wa Kitale na Bungoma huchekwa mara tu wafunguapo vinywa vyao kusema Kiswahili.

Mwaka 1919, baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba askari wake wa zamani katika nyanda za juu za Kenya. Trans Nzoia, ambayo Kitale ndiyo makao yake, ilipokea wengi wa askari hao. Wafanyakazi wa mashamba yale walitoka pande kadhaa, na kwa wingi mkubwa walitoka upande wa pili wa Mlima Elgon, katika nchi ya Wabukusu ambayo leo ni Bungoma. Mwingereza hakujua Kibukusu wala hakukusudia kukijua. Mbukusu naye alikatazwa Kiingereza kwa hila na kwa hasira, kwa kuwa walowezi wengi waliona mtumishi asemaye Kiingereza ni fidhuli aliyeharibiwa na misheni. Ikabaki lugha ya tatu, isiyo ya mmoja wao. "Mimi hapana taka hii." "Wewe kwisha lete maji moto?" "Watu ngapi iko shamba?" Vitenzi vya amri vilitawala, ukanushi wote ukabebwa na neno hapana, na nafsi zikawa vijiti vya kuchomeka popote.

Ni rahisi kusema kwamba hayo yalitokana na ujinga wa lugha. Lakini ujinga wa miaka thelathini, katika kinywa cha mtu aliyesoma Kilatini shuleni, unahitaji maelezo zaidi. Tena miaka ile ile Waingereza wengine walikuwa wakihangaikia usanifu wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa lugha sanifu. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Maofisa wa serikali wakatakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili. Mlowezi aliyajua yote hayo na akayacheka. Kwake yeye, kusema Kiswahili chenye ngeli kulikuwa alama ya karani wa serikali, mtu wa mshahara na mitihani. Kusema vibaya, tena kwa sauti ya juu, kulikuwa alama ya bwana mwenye ardhi. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara, na katika jina lake refu akawataja wasomaji wake: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao, pamoja na wote waliohusiana na wenyeji bila mkalimani. Orodha hiyo yenyewe ni picha ya jamii nzima. Mwenyeji yumo ndani yake kama mtu wa kuambiwa.

Hapa pana tabia moja ya Waingereza ambayo wageni wameiona mara nyingi. Mwingereza husifu ustadi usioonyesha jasho, na humcheka mtu ajitahidiye mno. Kujikosoa mbele ya wenzake, kujifanya mzembe na mpumbavu, ni adabu kwake. George Mikes, Mhungaria aliyehamia London, aliifanyia tabia hiyo mzaha mwaka 1946 katika kitabu kilichowafurahisha Waingereza wenyewe, na furaha yao ni sehemu ya ushahidi. Mtu anayeweza kujicheka ameonyesha kwamba nafasi yake haitikisiki. Basi mlowezi alipokiboronga Kiswahili barazani, akasimulia klabuni jinsi alivyoomba kuku akaletewa koti, alikuwa akijicheka kwa namna ile ile. Tofauti ni kwamba klabuni wasikilizaji walikuwa wenzake, nyumbani msikilizaji alikuwa mpishi, na mpishi hakuruhusiwa kucheka.

Yafaa kulinganisha na kazi za P. G. Wodehouse, ambazo Waingereza wa kizazi kile walizisoma sana. Jeeves, mtumishi maarufu kuliko wote katika ucheshi wa Kiingereza, alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1915, na katika miaka ya 1920, mashamba ya Trans Nzoia yalipokuwa yakifyekwa, alikuwa amekwisha kuwa kipenzi cha wasomaji. Kichekesho cha Jeeves kimejengwa juu ya lugha. Bwana wake, Bertie Wooster, husema lugha ya mitaani ya vijana wa tabaka lake, iliyojaa vipande vya mashairi asiyoyakumbuka vizuri. Mtumishi husema Kiingereza kilichonyooka kama rula, na ndiye anayemwokoa bwana kila mara. Msomaji wa Kiingereza alikubali kwa furaha kwamba mtumishi ana akili na ulimi kumshinda bwana. Msomaji huyo huyo, alipohamia Kitale akawa na mtumishi wake mwenyewe, hakuweza kuistahimili hali hiyo hata kidogo. Mpishi aliyewahi kuishi Mombasa au kufundishwa na wamisheni, akajua kwamba watu wapo na chakula kipo, ilimpasa ateremke hadi kwenye iko ya bwana wake ili asionekane anamsahihisha. Jeeves wa Trans Nzoia alilazimika kuuficha ulimi wake. Hili ndilo lililozaa kosa la kihistoria ambalo hadi sasa halijarekebishwa: lugha iliyovunjwa na bwana ikahesabiwa kuwa lugha ya mtumishi.

Neno moja linatosha kuonyesha jinsi mzaha huo ulivyofanya kazi. Katika Kiswahili, shauri ni jambo la watu wawili au zaidi. Mtu huomba shauri, hutoa shauri, hukaa shaurini. Walowezi walilichukua neno hilo wakalitia hata ndani ya Kiingereza chao, na huko likawa na maana ya usumbufu, jambo la kuchosha ambalo wenyeji wamelileta tena mlangoni. Kuku aliyepotea alikuwa shauri, madai ya mshahara yalikuwa shauri, mtu aliyeuawa alikuwa shauri. Waingereza husifiwa kwa tafsida ya kuyapunguza makubwa, na katika mahandaki ya vita tafsida hiyo bila shaka ilikuwa aina ya ujasiri, kwa sababu aliyeipunguza hatari alikuwa ndani yake. Shambani Kitale aliyepunguza hakuwa ndiye aliyeumia. Sheria za Mabwana na Watumishi, zilizoanza mwaka 1906, zilihesabu lugha ya matusi kwa mwajiri kuwa kosa la kumpeleka mfanyakazi mahakamani. Dhihaka ya upande mmoja ililindwa na sheria, na jibu lake likaitwa jinai.

Wapo watakaosema kwamba Waafrika nao wana utani, na kwamba kuchekana lafudhi ni desturi ya zamani. Ni kweli, lakini utani una masharti. Miongoni mwa Wabukusu, bakoki, yaani watu wa rika moja la tohara, wana ruhusa ya kuambiana maneno ambayo mtu mwingine angeyasema angetozwa faini. Kijana anayekwenda kutahiriwa hupokea kejeli kali, za waimbaji na hata za mjomba wake, lakini kejeli hizo zina mwisho unaojulikana: akisimama imara mbele ya kisu hugeuka mtu mzima, naye hupata zamu ya kusema. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni vivyo hivyo. Anayetaniwa leo msibani kesho atatania. Swali la kumuuliza mcheshi yeyote, basi, si kama maneno yake ni makali. Je, mchekwa ana haki ya kumjibu? Kisetla hakifaulu mtihani huo, hata pale ambapo maneno yake ni laini.

Aliyejibu tunamjua. Elijah Masinde, mcheza mpira na mwana wa Kimilili, alizipinga amri za serikali waziwazi na kuwataka Wazungu waondoke. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mhakiki asiipite hatua hii kama tukio la kitabibu tu. Kumwita mtu mwendawazimu ni kuyatoa maneno yake katika mjadala na kuyatia katika kundi la vichekesho, ili msikilizaji asiwajibike kuyajibu. Lakini Februari 1948 polisi walipoufyatulia risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa huko Malakisi, watu 11 wakafa, na hapo mzaha ulikuwa umekwisha kitambo. Haikuwa serikali ya kikoloni peke yake iliyoshindwa kumsikiliza. Kenya huru nayo ilimfunga Masinde zaidi ya mara moja, na dini yake ikapigwa marufuku tena mwaka 1968.

Walowezi waliondoka Trans Nzoia kwa wingi kuanzia miaka ya 1960, mashamba yakanunuliwa, kicheko kikabaki. Kilihamia jukwaani na kwenye runinga, katika umbo la bawabu, mpishi na mzee wa mashambani wasemao "hapana jua". Waingereza wenyewe walikuwa na mchezo wa Mind Your Language, ulioanza mwaka 1977, ambamo wageni darasani huchekwa kwa kukivunja Kiingereza. Tofauti ya vipimo inaonekana wazi: mgeni akikosea Kiingereza, kichekesho ni yeye, Mwingereza akikosea Kiswahili, kichekesho ni Kiswahili. Hata hivyo haifai kuiweka michezo yote ya Kenya katika kapu hili. Ojwang' wa Vitimbi, aliyeigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu aliyevaa lafudhi ya Kijaluo hadi kifo chake mwaka 2015, ni mtani halisi. Lafudhi yake haimzuii kujibu, na mara nyingi jibu lake ndilo linaloshinda. Bawabu asiye na jina, anayeingia kufungua lango na kukosea ngeli kisha akatoka, ni mtoto wa Kisetla.

Katika riwaya, jibu zito zaidi limetoka mahali penyewe. Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma na kukulia upande wa Cherangani karibu na Kitale, alichapisha Siku Njema mwaka 1996. Humo Kongowea Mswahili, mwana wa Tanga, anasafiri hadi Kitale kumtafuta baba yake. Mwelekeo wa safari hiyo una uzito wake. Kwa mazoea ya usomi, mtu wa bara huteremka pwani kuitafuta lugha. Hapa jina lenyewe la Mswahili linapanda bara kutafuta asili yake. Na aliyeyaandika hayo ni mtu wa jimbo ambalo Kiswahili chake kilikuwa mfano wa kuchekesha, akiandika Kiswahili sanifu kilichosheheni methali na misamiati ambayo hata wanafunzi wa pwani walilazimika kuitafuta kamusini.

Lakini ushindi huo una gharama, na wahakiki wengi wa Siku Njema hawakuitaja. Riwaya inamjibu mlowezi kwa kumwonyesha kwamba mtu wa Kitale anaweza kusema kama Kamati ya 1930 ilivyotaka. Kile Kiswahili kingine, kilichosemwa na wapishi, wakamuaji na madereva wa trekta walipokuwa peke yao jikoni na mazizini, chenye Kibukusu ndani yake na mizaha yake juu ya bwana, hakisikiki sana katika kurasa zake. Walibora mwenyewe alirudi kwenye mazingira ya utotoni mwake katika tawasifu yake, Nasikia Sauti ya Mama, ya mwaka 2015, miaka mitano kabla ya kifo chake. Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya Endebess na Kiminini wanazidi kupungua, na majina waliyowapachika mabwana zao bado hayajakusanywa.