Fani Inapotisha: Mnara na Hofu katika Mchezo wa Dread

Uhakiki wetu umezoea kuitafuta hofu katika maudhui: zimwi, mzimu, au nyumba iliyohamwa. Makala hii inadai kwamba katika Dread, mchezo wa kuigiza mezani uliotungwa na Epidiah Ravachol na Nathaniel Barmore, hofu hutokana hasa na fani. Mchezo huu ulitolewa mwaka 2005 na The Impossible Dream, wachapishaji wadogo wa kujitegemea nchini Marekani.

Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja wao, mwenyeji, husimulia mandhari na mikasa. Kila mmoja wa waliosalia huwa mhusika na kuamua atendalo. Katika michezo mingi ya aina hii, dadu ndiyo hukata shauri. Katika Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen mwaka 1981, hata utimamu wa akili ya mhusika huhesabiwa kwa alama. Dread umeitupa dadu. Mahali pake pana mnara wa vipande 54 vya mbao, vitatu kila safu. Mchezaji anayetaka mhusika wake atende jambo gumu huchomoa kipande na kukiweka juu. Akiweza, mhusika hufaulu. Akikataa kuchomoa, mhusika hushindwa. Mnara ukianguka, mhusika wa aliyeuangusha huondoka hadithini, aghalabu kwa kufa.

Tofauti hapa ni ya msingi. Alama hutuarifu kwamba mhusika ameogopa. Mnara humwogopesha mchezaji. Taharuki ambayo mtambaji wa ngano huijenga kwa sauti na kimya chake, hapa hujengwa na mbao zinazoyumba. Aidha, kila tendo linalofaulu huudhoofisha mnara, hivyo wokovu wa mmoja ni hatari kwa anayemfuata. Mchezaji anaweza pia kuuangusha kwa kusudi: mhusika wake huangamia, lakini alilolikusudia hutimia. Hivyo kujitoa mhanga, dhamira kongwe ya tanzia, kumo ndani ya kanuni zenyewe.

Mnara wenyewe ni wa Jenga, mchezo ambao Leslie Scott, mzaliwa wa Tanganyika, aliuingiza sokoni mjini London mwaka 1983 akiupa jina kutokana na kitenzi chetu. Dread umekifichua kinaya kilichomo katika jina hilo: kila kinachojengwa juu kimebomolewa chini.

Je, matini ya Dread ni ipi? Wachapishaji walitoa kitabu. Hadithi haimo humo. Wahusika huumbwa kwa hojaji yenye maswali ya mtego, mathalani: ‘Kwa nini uliapa hutarejea nyumbani kwa baba yako?’ Jibu ni la mchezaji, ilhali kiapo amekwisha kubebeshwa. Utunzi basi umegawanyika baina ya watunzi wa kanuni, mwenyeji na wachezaji, nayo hadhira ndiyo fanani. Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatashangaa: matini hukamilika katika utendaji.

Hata hivyo, fani hii ina gharama yake. Mnara mpya ni imara, na kila unapojengwa upya taharuki hushuka, ingawa kanuni huagiza vipande kadhaa vichomolewe kwanza ili kuudhoofisha. Kubwa zaidi, mchezaji ambaye mkono wake hautulii kwa sababu ya maradhi au ulemavu hupoteza mhusika kwa sababu isiyohusiana na busara wala kosa la mhusika huyo. Mchezo unaochota hofu katika mwili wa binadamu hauwezi kujifanya kwamba miili yote ni sawa.

Dosari hiyo inalithibitisha dai letu badala ya kulipinga. Kama fani ingekuwa chombo tu cha kubebea maudhui, isingeweza kumdhulumu mtu. Katika Dread yaweza, kwa kuwa ndiyo inayoamua nani ataishi na nani atakufa. Mhakiki atakayeisoma hadithi na kuuacha mnara atakuwa ameiacha hofu yenyewe mezani.