Fundi Anayeanza na Breki

Mafundi wa Australia wanaoboresha Datsun 1200, ile pikapu ndogo ya miaka ya 1970, wanastahili pongezi kwa jambo ambalo wenye magari hulisahau: walio bora huanza na breki, si injini. Injini yake ya A12 ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,171 tu, na kuibadilisha si kazi ya kutisha, kwani A14 na A15 za ukoo uleule hukaa karibu palepale. Kishawishi kiko hapo. Lakini mwendo ukiongezeka maradufu, nishati ambayo breki hupaswa kuimeza huwa mara nne, na breki za dramu hufungia joto ndani hadi zikaishiwa nguvu. Ndiyo maana fundi makini hufunga diski mbele, zinazopozwa na upepo, kisha hupima upya masta silinda na mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Pikapu tupu ni nyepesi mkiani, na matairi ya nyuma yakijifunga, gari huzunguka.

Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuua urithi. Kwa gari la makumbusho, sawa. Hili lilizaliwa kubeba mizigo, na Afrika Kusini lilipewa injini kubwa zaidi kiwandani kwenyewe, likaendelea kuundwa kwa jina la Nissan 1400 hadi 2008. Mtihani mgumu ni springi za nyuma: ukizipunguza vibamba, safari huwa laini, ila mzigo hauna pa kukaa. Afadhali shokapu na bushi mpya, vibamba vibaki vilivyo.